Corolla 110 inachemsha kwenye foleni ya kivuko tu, barabara kuu iko salama. Nimebadilisha vitu vingi, naomba msaada

MwalimuMsangamkuu (Mtwara), Jumapili usiku

Wakuu, habari za usiku. Nitaandika kwa kirefu, mniwie radhi. Mafundi niliowaeleza kwa kifupi kila mmoja kabadilisha kitu chake na ugonjwa uko palepale.

Gari ni Corolla 110, injini 5A-FE, mwaka wa sita sasa tuko nayo nyumbani. Naishi Magomeni hapa Mtwara mjini, nafundisha ng'ambo, Msangamkuu, na mama yangu mzazi anaishi hukohuko. Kila baada ya wiki mbili namvusha kuja kliniki ya presha Ligula. Kwa hiyo gari hii inapanda kivuko kuliko gari za wengi humu.

Ikitembea haina shida. Mwezi uliopita nimeenda nayo Masasi msibani, nimetoka alfajiri nimerudi jioni, mshale wa joto umekaa chini kidogo ya nusu kutoka Mikindani mpaka Ndanda na haukutikisika. Shida ni ikisimama huku inaunguruma. Dakika kumi za mwanzo kimya. Zikifika kumi na tano mshale unaanza kupanda pole pole, na ukishaanza haurudi mpaka nizime.

Jumanne iliyopita tulikuwa tunasubiri kuvuka, mama yuko kiti cha nyuma. Jua kali, nyuma yangu pikipiki na bajaji, siwezi kurudi wala kwenda. Nilikuwa naangalia kivuko kinavyokuja, sikuangalia geji. Nikasikia harufu tamu, kisha mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Nikazima, nikamshusha mama. Kijana mmoja akakimbia na ndoo ya maji, nia yake njema kabisa, kumbe ameyachota palepale baharini. Mwingine kashakunja kitambaa afungue kifuniko cha rejeta. Wote wawili niliwazuia kwa sauti ambayo darasani situmii. Tulikaa chini ya mwembe karibu saa nzima mama akinipepea mimi badala ya mimi kumpepea yeye.

Vilivyobadilishwa tangu Machi: kifuniko cha rejeta, themostati mpya (ile vali inayofunguka maji yakipata moto), rejeta nzima ya mtumba kwa 130,000, na kulanti (maji maalumu ya kupozea) ya kijani lita nne. Fundi wa mwisho anasema tushushe silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Feni ni nzima. Hilo nimelihakikisha kwa macho yangu. Asubuhi nikifungulia swichi tu, hata sijapiga stata, feni inazunguka. Mafundi wote wanne walianza kwa kuiangalia hiyo na wote wakasema tuachane nayo. Rilei yake (ile swichi ndogo ya umeme inayoiwashia na kuizimia) iliungua mwezi wa Februari baada ya kuoshewa injini, karakana moja mjini wakaniwekea nyingine, na tangu hapo inafanya kazi.

Nimechoka. Alhamisi ijayo mama ana kliniki.

DerevaMitwero (Lindi)

Pole sana dada. Mimi naendesha Noah Lindi–Mtwara kila siku iendayo kwa Mungu, jua letu nalijua. Ushauri wangu ni huu: ng'oa hiyo themostati utupe, na feni ifunge dairekti na swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi. Ukifika kwenye foleni unabonyeza mwenyewe. Mimi mwaka wa tatu, sijawahi kuchemsha. Hivi vitu vya kusubiri gari ijiamulie ni vya nchi za baridi.

KoroshoNewala

Dada mwalimu, kabla ya kushusha hedi hakikisha kwanza. Mimi niliingia gharama hiyo msimu wa korosho uliopita na haikuwa lazima, nasema kwa uchungu.

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, washa, acha inaunguruma. Ukiona mapovu yanakuja mfululizo bila kukoma, hapo gesi ya silinda inapita kwenye gasketi iliyo chini ya hedi. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu iliyobaki ndani, hayo yapuuze. Chomoa na kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Vyote viwili visipokuwepo, usimruhusu mtu kugusa hedi yako.

Halafu swali: unajaza maji gani? Huku kwetu juu maji ni ya shida, watu wanatia chochote kinachopatikana.

MwalimuMsangamkuu

Asante Newala. Nimefanya leo asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hakuna mapovu baada ya yale ya mwanzo, na oili ni nyeusi ya kawaida. Maji sasa ni kulanti tupu. Zamani nilikuwa najazia ya kisima cha nyumbani, nayo yana chumvi kidogo, ukiyapikia chai unasikia.

DerevaMitwero, nashukuru, ila naogopa kusahau kubonyeza. Nikiwa na mama na watoto wa shule waliodandia, akili haiko kwenye swichi.

MzeeWaWaya (Chikongola, Mtwara)

Mwalimu mwanangu, pole, na mama nampa pole. Nimefanya umeme wa magari tangu enzi za Land Rover za 109. Nimesoma maelezo yako mara mbili na nimefurahi umeandika kwa kirefu, maana dawa umeitaja mwenyewe katikati bila kujua.

Umesema asubuhi ukifungulia swichi, gari baridi, feni inazunguka. Umesema pia mafundi wanne wameona hivyo wakaridhika. Mimi hapo ndipo ninaposhtuka. Gari baridi, feni inazunguka ya nini? Injini imelala usiku kucha. Hakuna cha kupoza.

Naomba unijibu jambo moja tu. Siku ile ya Jumanne, mvuke unatoka, kabla hujazima: feni ilikuwa inazunguka au imesimama?

MwalimuMsangamkuu

Shikamoo mzee.

Nimekaa na swali lako tangu mchana. Nimejaribu kukumbuka sauti. Mvuke ulikuwa unapanda wima, mzee. Ulikuwa unapanda taratibu kama wa sufuria. Feni ingekuwa inazunguka ungetawanyika. Ilikuwa imesimama.

MzeeWaWaya

Marahaba mwanangu. Umeangalia vizuri.

Sasa nisikilize. Kwenye Toyota za umri wa gari yako, mpango wa feni ni wa kinyume na unavyodhani, na uliwekwa hivyo makusudi. Kuna swichi ya joto inayokaa ndani ya maji. Maji yakiwa baridi swichi imefunga, inaipa rilei ya feni erthi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), rilei inavuta. Lakini rilei ile ya kiwandani ikivuta inakata feni. Maji yakifika kama nyuzi 93 swichi inaachia, rilei inalala, na ikilala ndipo feni inapata umeme. Maji yakishuka chini ya nyuzi 83 swichi inafunga tena, feni inanyamaza. Waliopanga hivyo walikuwa na akili: waya wa swichi ukikatika njiani, feni izunguke muda wote, injini ipone.

Gari yako inafanya kinyume cha kinyume. Baridi inazunguka, joto likifika inasimama. Ukiwa barabarani upepo wa mwendo unatosha, ndiyo maana Masasi ulifika salama. Ukisimama kwenye foleni maji yanafika nyuzi 93, feni inakatwa hapohapo inapohitajika, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyozidi kukaa kimya. Fundi akija kuangalia gari imeshapoa, anafungulia swichi, feni hiyooo. Anakwambia nzima.

Mtu wa kwanza ninayemtilia shaka ni rilei ya Februari. Fanya hivi kesho asubuhi, gari ikiwa baridi:

Fungulia swichi usipige stata, feni izunguke. Tafuta swichi ya joto la feni, fuata waya karibu na nyumba ya themostati (gari nyingine iko chini ya rejeta). Chomoa plagi yake. Gari iliyo sawa, ukichomoa hapo feni inaanza. Ya kwako nadhani itasimama. Angalia usikosee: ukichomoa na mshale wa geji ukaanguka, hiyo ni ya geji, rudisha. Yenye waya mbili ni ya kontroli boksi, kompyuta ya injini, hiyo nayo iache.

Kisha nitafutie hiyo rilei walipoiweka na unisomee namba zilizoandikwa kwenye miguu yake.

MwalimuMsangamkuu

Mzee, ni kama ulikuwa umesimama nyuma yangu.

Nimechomoa, feni ikasimama. Nimerudisha, ikazunguka. Nimerudia mara tatu ili nijiridhishe, jirani akaja kuuliza kama betri imekufa.

Rilei nimeiona. Haiko kwenye boksi la fyuzi. Imening'inizwa karibu na betri, imeviringwa tepu nyeusi, na nilikuwa naiona miezi yote hii nikidhani ni ya alamu. Kule kwenye boksi, nafasi ya rilei ya zamani imeungua, plastiki imevimba na tundu mbili zina unga wa kijani. Nimetoa tepu pole pole. Ina miguu mitano: 30, 85, 86, 87 na 87a. Mguu wa 87a, ule wa katikati, hauna kitu. Waya mnene wa bluu unaokwenda kwenye feni umechomekwa 87.

MzeeWaWaya

Basi ndiyo hiyo.

85 na 86 ni koili. 30 ndiko umeme unakoingia. Rilei ikiwa imelala, 30 inashikana na 87a. Ikivuta, 30 inaachana na 87a inashikana na 87. Aliyekufungia alifunga kama anavyofunga rilei ya honi au ya taa, ambako 87 ni sahihi. Hakujua kwamba gari hii inataka feni ifanye kazi rilei ikiwa imelala. Simlaumu sana, nafasi ilikuwa imeungua na hakuwa na ya kuangalizia. Ila alipaswa kuiacha injini ipate moto mbele yake kabla ya kukukabidhi gari. Hilo namlaumu.

Chomoa waya wa betri wa hasi, kisha hamisha ule waya mnene kutoka 87 kwenda 87a. Hakikisha unaingia kwa kubana, usilegee, maana hapo zinapita ampea kama kumi na ushee. Ukilegea utaunguza hata hiyo rilei. Rudisha waya wa betri. Washa gari, usiende popote, kaa nayo mpaka feni ianze yenyewe. Mshale ukipita robo tatu na feni kimya, zima.

Na DerevaMitwero, kijana wangu, nakuheshimu kwa sababu barabara unaijua. Lakini themostati iache mahali pake. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto, kontroli boksi inadhani bado asubuhi, inazidisha petroli. Unalipa kila siku kidogo kidogo. Na kile kiswichi cha dashibodi, kama ulipitisha umeme wa feni moja kwa moja bila rilei, siku moja shika mgongo wake baada ya nusu saa uone kilivyo cha moto.

IST_Masasi

Mzee shikamoo, samahani naingilia. Ya kwangu IST, feni haizimi kabisa, hata asubuhi ya baridi. Ni hii hii ya rilei?

MzeeWaWaya

Marahaba. Hapana, usichanganye. IST feni inaamriwa na kontroli boksi baada ya kusoma sensa ya joto la maji. Kontroli ikishindwa kuisoma sensa hujilinda, na feni kuzunguka muda wote ni dalili mojawapo. Chomoa plagi ya sensa, pima sensa yenyewe kwa mita upande wa ohm. Ikiwa baridi, nyuzi 20 hivi, uone kati ya 2,300 na 2,600. Kwa joto letu la asubuhi itakuwa chini kidogo ya hapo. Ikiwa na nyuzi 80 uone kama 320. Ikisoma kama imekatika, umeipata. Ikiwa nzima, fuata waya mpaka kontroli. Fungua uzi wako mwingine, huu ni wa mwalimu.

MwalimuMsangamkuu, Jumanne usiku

Nimemaliza leo nikiwa na mpwa wangu anayesoma umeme wa magari chuo cha ufundi cha VETA. Nimehamisha waya. Asubuhi nimefungulia swichi: kimya. Sijawahi kufurahia kimya cha gari kiasi kile. Tukawasha, tukakaa. Dakika ya kumi na saba feni ikaanza yenyewe.

Ila mzee, furaha haikukamilika. Feni ilizunguka lakini mshale haukushuka. Ulisimama pale pale juu ya nusu. Haukupanda, haukushuka. Mpwa akaweka mkono mbele ya rejeta, anasema upepo unaovutwa ni hafifu. Tumezima. Hivi mota ya feni nayo imechoka?

MzeeWaWaya

Usinunue mota. Mwambie huyo mpwa achukue mita, aweke kwenye volti 20, injini iwe inaunguruma na feni iwe inazunguka. Hii ya feni kuzunguka ni muhimu, waya mbovu usiopitisha mzigo unasoma vizuri tu, unakudanganya. Apime tatu:

Betri, chanya na hasi. Feni yenyewe, kwenye nyaya zake mbili. Halafu ncha moja kwenye waya wa erthi wa feni na ncha nyingine kwenye hasi ya betri. Hiyo ya tatu ikizidi sifuri nukta mbili au tatu, erthi yako imeoza. Gari inayokula upepo wa bahari na kuoshwa injini kwa maji ya kisima, nashangaa kama haijaoza.

MwalimuMsangamkuu, Jumatano jioni

Betri 13.8. Feni 10.9. Erthi ya feni mpaka hasi ya betri: 2.7.

Mpwa alitaka kupima tena akidhani mita mbovu. Ikatoa 2.7 vilevile.

Tumefuata ule waya mweusi. Umefungwa kwa boliti namba 10 kwenye bodi, chini ya taa kubwa ya kushoto, karibu na betri. Kwa nje boliti inaonekana safi kabisa. Tulipoifungua, kwa ndani, pale bati la waya linapolala kwenye bodi, kulikuwa na ukoko mweupe wenye kijani pembeni, mkavu kama chumvi inayobaki kwenye mwamba maji yakikupwa. Nimeukwangua kwa kisu ukaanguka vipande. Nyaya zenyewe ndani ya bati lile zilikuwa nyeusi, nusu yake zimeshakatika. Mpwa amekata mpaka alipofikia shaba inayong'aa, akabana bati jipya, tukapiga msasa bodi mpaka chuma kikawa cheupe, tukafunga, juu tukapaka grisi.

Tumepima tena: 0.1.

Mzee, sikujua feni hii ina sauti. Ilivyoanza nilirudi nyuma hatua moja. Mshale ulishuka tunautazama.

KoroshoNewala

Alhamdulillah. Na hedi haikuguswa.

DerevaMitwero

Mzee, nimeshika kile kiswichi leo baada ya kushusha abiria. Ni cha moto, na plastiki nyuma imeshabadilika rangi. Nikija Mtwara Jumamosi naomba nipite kwako Chikongola. Themostati nitakuja nayo mkononi.

MzeeWaWaya

Karibu kijana. Usiache kuja, kile kiswichi usikisubirishe. Chukua themostati mpya, ile iliyokaa miaka mitatu kabatini siiamini.

Mwalimu, mambo mawili ya mwisho. Ile rilei isiendelee kuning'inia na tepu. Tepu ikipata joto gundi inayeyuka, inashika vumbi na chumvi. Ifunge kwa boliti kwenye bodi, miguu ikiangalia chini ili maji yasisimame ndani. Na kijana wako wa kuosha gari mwambie injini asiimwagie maji ya kisima. Afute kwa kitambaa, inatosha.

MwalimuMsangamkuu, Alhamisi usiku

Tumevuka salama, kwenda na kurudi.

Wakati wa kurudi foleni ilikuwa ndefu, tumekaa dakika arobaini na kitu, jua la saa nane. Sikuzima gari makusudi. Nilikuwa naangalia geji kama ninayesahihisha mtihani. Mshale unagusa juu ya nusu, feni inaanza, dakika mbili hivi unashuka, feni inanyamaza, baada ya muda inaanza tena. Imefanya hivyo mara saba, nimehesabu.

Kijana yule wa ndoo ya bahari alitukumbuka, akaja na ndoo kusimama pembeni, safari hii akaniambia ni ya bomba. Mama akamwambia aiweke chini aketi apumzike. Presha yake leo imeshuka pia, mia moja na thelathini juu ya themanini na mbili.

Rilei nimeifunga kwa boliti, miguu chini.

Mzee wangu, Jumamosi nami nitapita Chikongola. Mama amenipa samaki nikuletee.